Salongo Iliyohamisha Bustani ya Madame

Ninyi mnaokuja kupokea majembe yangu, kaeni kwanza. Mmefika na glavu mpya na simu zilizojaa chaji, na mmoja wenu, sitamtaja, yule mwenye kofia nyekundu, ameshaniuliza kama kazi hii ina likizo. Ipo. Mvua ya mawe ikianza kupiga, unaruhusiwa kuingia ndani mpaka iishe, halafu unatoka kuangalia nini kimevunjika. Likizo nyingine mimi sijaiona.

Watu huniita Mama Riziki. Nyumba hii ya mawe juu ya kijiji cha Kingi nimeitumikia tangu nina meno yote. Nilianza kwa kubeba mawe, nikajifunza kujenga ukuta, na nikaishia kulea miiba. Nyumba ilijengwa na mzungu mmoja wa mashamba ya kwinini, wakati wa Wabelgiji. Mke wake ndiye tunayemwita Madame. Inasemekana Madame hakuipenda kabisa mvua ya Masisi. Wengine wakichukia mvua wanahama, yeye aliamua kuleta jangwa hapa. Akaagiza kaktusi, mikonge na mishubiri ya kila umbo, akaipanda upande wa nyumba unaopata jua la mchana, juu ya kilima ambapo nguo ukianika Jumatatu unaivaa mbichi Jumapili.

Mkimcheka mtakuwa mmekosea, kwa sababu alifaulu. Sikilizeni jinsi alivyofanya, maana ndiyo kazi yenu sasa. Chini ya udongo kuna mawe meusi ya volkano yaliyoletwa kwa lori kutoka upande wa Sake, makubwa chini, madogo juu. Chini ya mawe kuna mifereji inayoteremka mpaka bondeni. Mvua inanyesha, maji yanapita mbio, mmea unabaki mkavu miguuni. Mifereji ikiziba, mmea unaoza kuanzia chini huku juu ukiwa bado unapendeza, na siku utakayoona umelegea utakuwa umechelewa. Kwa hiyo msianze asubuhi kwa kutazama maua. Anzeni kwa kutazama maji yanatokea wapi huko bondeni. Mvua ikizidi, funikeni kwa shitingi, yaani turubai, lakini acheni upepo upite pembeni. Na msimwagilie! Kila kijana anayekuja hapa anaionea mimea huruma, anakwenda kuchota maji. Kwetu hapa mmea wa jangwa haufi kwa kiu, unakufa kwa kuhurumiwa.

Haya yote nilifundishwa na Papa Anselme. Alikuwa mtunza bustani wa Madame akiwa kijana, na Madame alipoondoka, yeye alibaki. Hakuna aliyemwambia abaki. Alihamia kwenye jiko la nyuma, akawa anazunguka nyumba na fimbo yake, akifukuza mbuzi na watu waliokuja kung'oa mawe ya kujengea kwao. Mwanawe wa pekee alikuwa amevuka kwenda Walikale, akapata shamba Kibua, akaoa huko. Kila mara alituma ujumbe: Baba, njoo uone wajukuu. Na kila mara Papa Anselme alijibu vilevile: "Nikienda, mawe itabaki na nani?" Macho yake yalikuwa yameanza kufifia nilipomkuta, lakini alijua kila mmea kwa kuugusa kwa fimbo, na aliweza kukutukana kwa Kihunde, Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, kama ulikanyaga pasipotakiwa.

Miiba yenyewe ina aina mbili. Ile mirefu inauma, unaitoa, mmemalizana. Kuna ile midogo, laini kama manyoya ya kifaranga, ambayo huioni. Hiyo ndiyo mbaya. Ikiwaingia msisugue. Chukueni bugali baridi, wa muhogo ndio unaoshika vizuri, mkande kidogo, mbandike juu ya ngozi na mvute. Mara ya tatu utakuwa umepona. Huo bugali msile.

Dawa hiyo tulimtibia Papa Chefu, chifu wa kijiji chetu. Alikuja siku moja kukagua kazi yetu ya kuifufua nyumba, amevaa suruali ya kitambaa cha sherehe, akatoa hotuba fupi juu ya maendeleo, na mwisho wa hotuba akaketi. Alichokalia hakikuwa jiwe. Tulimpeleka jikoni, tukapika bugali wa haraka, halafu ikazuka swali la nani ataubandika, kwa sababu heshima ya chifu ni heshima ya chifu. Papa Anselme alisema yeye haoni vizuri, kwa hiyo hatamwaibisha mtu. Akabandika kwa kukisia. Tulisimama nje tukisikiliza, na mpaka leo naamini mara nyingine alikosea makusudi.

Tangu siku hiyo Papa Chefu hakuipenda bustani. Sisemi kwamba yaliyofuata aliyafanya kwa kulipiza. Nasema tu kwamba alikuwa na sababu.

Nyumba nayo ilikuwa na visa vyake. Fundi Safari, rafiki yangu, alipenda saruji kuliko alivyompenda mchumba wake. Tulipoanza kuifufua nyumba, alipaka saruji ukuta wote wa sebule, na rangi juu yake, ukawaka mweupe, akapigiwa makofi. Msimu wa mvua ulipofika, ukuta ulianza kutoka jasho, na rangi ikamenyuka vipande vipande. Mawe haya yamejengwa kwa udongo na chokaa, yanapumua. Ukiyaziba kwa saruji, maji yanabaki ndani yakitafuta pa kutokea, na yatatokea kwenye picha ya harusi uliyotundika. Tulibandua yote kwa patasi, polepole, Safari akilaani kila pigo. Siku hizi ni yeye anayewafukuza wenye mifuko ya saruji langoni.

Sasa niwaambie siku ambayo tulikaribia kupoteza kila kitu.

Chini ya kilima kuna malisho ya Patron Fidele, mfugaji wa ng'ombe mwenye sauti kubwa na tumbo la furaha. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu nyumba yetu kwa ajili ya kutengenezea fromaji, yaani jibini, kwa sababu kuta za mawe zinatunza baridi, na aliliomba jambo hilo kwa Papa Chefu kila walipokutana kanisani. Papa Chefu alikuwa karibu kukubali. Sisi tukaomba kwanza ofisi ya utalii ya mkoa ije itazame, kwa kuwa barabara ilikuwa tulivu msimu ule na pikipiki zilipita bila shida. Wakakubali. Ikapangwa: mama mjumbe atakuja Ijumaa. Akiona nyumba na bustani yake vinafaa kufunguliwa kwa wageni, vitabaki vya kijiji. Akiona havifai, Patron Fidele atachukua, na Papa Anselme atahama jiko lake.

Nilimpelekea Papa Anselme habari hiyo. Aliniuliza tu, "Riziki, ule mama ataanza kuangalia nini? Nyumba ao bustani?" Nikamwambia, bustani. Akaanza kuamka kabla ya jogoo, akipapasa mimea mmoja mmoja. Kwa kweli mingi ilikuwa inaumwa. Mifereji tulikuwa tumeizibua nusu tu, na upande wa chini mimea ilikuwa imeanza kulainika. Niliogopa sana, ingawa kwa nje nilitania.

Jumamosi kabla ya mjumbe kufika, nilikwenda Masisi centre kutafuta chokaa ya mwisho. Niliondoka alfajiri. Sikujua kwamba Papa Chefu alikuwa ametangaza salongo. Kwa watoto wa mjini ambao hamjui, salongo ni kazi ya wote: chifu anaita, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnafanya barabara, mnafanya kisima, mnarudi. Mara hii tangazo lilisema: kusafisha kwa Madame, mgeni anakuja. Watu wetu wana roho nzuri. Walikuja kutoka Kingi yote, na hata wamama kadhaa wa kambi ya wakimbizi ya Lushebere walipanda kilima kusaidia.

Niliporudi mchana, nilimkuta Papa Chefu amesimama langoni, mikono nyuma.

"Mama Riziki, karibu. Angalia vile bantu yangu walitumika kazi."

Nikaangalia. Bustani ya jangwa haikuwepo. Udongo ulikuwa mweusi, umelimwa, umesawazishwa, na juu yake mistari iliyonyooka kabisa.

"Papa Chefu, hii ni nini?"

"Maharagi. Udongo muzuri vile, ilikuwa inakaa bure na miiba. Aibu mbele ya mugeni."

Jamani. Kuna vilio ambavyo vinaanza kwa kucheka. Nilicheka mpaka nikashika lango, halafu nikakaa chini nikalia kwelikweli, na chifu akadhani ni machozi ya shukrani. Hakuna mtu wa Masisi anayeweza kuona udongo mtupu bila mkono kumwasha. Nami ningekuwa mgeni wa pale, na jembe mkononi, ningepanda vilevile.

Papa Anselme alikuwa kwenye kiti cha heshima kivulini, na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, mapajani. Alikuwa amesikia majembe asubuhi nzima na kufurahi, akidhani wanazibua mifereji. Nilimshika mkono, nikampeleka. Akanyoosha fimbo mbele, ikagusa udongo laini. Akasogea, akanyoosha tena. Akaipitisha huku na huku mpaka mwisho wa mstari.

"Bamepeleka wapi?" akauliza mwishowe.

Akina mama wakaangaliana. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu cha pili kuhusu watu wetu: hakuna anayetupa. Mama Faida, jirani yangu, mwanamke mwenye mbuzi wakorofi kuliko wote wa Kingi, akainua mkono.

"Papa, hatukutupa. Kila mutu alibeba yake. Mi nilichukua ile munene ya miiba, nikapanda kwa mupaka ya shamba. Mbuzi bamefika, bamenusa, bamerudia nyuma."

Nikaanza kukimbia nyumba kwa nyumba. Mshubiri ule ambao Madame aliuzungushia vigae, dada mmoja alikuwa ameupanda karibu na jiko kwa ajili ya watoto wanaoungua moto. Mikonge ilikuwa imepangwa juu ya ngema, ule ukingo wa mteremko, ili udongo usiteremke. Kaktusi ya mviringo yenyewe, fahari ya bustani, ilikuwa imewekwa pembeni ya benchi la wageni wa Mama Faida, ambaye kumbe alibeba mbili. Nilipomuuliza kwa nini pale, akasema ni kwa ajili ya wifi yake, ambaye akija kusalimia anakaa wiki nzima.

"Mama Faida, rudisha. Ijumaa tunapata mgeni."

"Apana! Weye unanipatia dawa ya mbuzi asubuhi, mangaribi unainyanganya? Juu ya nini?"

Wote walijibu hivyohivyo. Nikarudi kwa Papa Anselme, nikamwambia tumtumie chifu awalazimishe. Nilitegemea atakubali. Yeye akaniomba nimpeleke kwanza kwa Mama Faida. Akainama pale kwenye mpaka, akaingiza vidole kati ya mawe, akanusa udongo, akapapasa shina mpaka mizizini.

"Nani alikufundisha kupanda hivi?" akamuuliza.

"Hakuna, Papa. Pale iko mawe tu. Sikupata fasi ya kuchimba."

Papa Anselme akaanza kutabasamu. Mmea ule ulikuwa umeng'olewa asubuhi, ukalala juani mpaka jeraha la mizizi likakauka, halafu ukapandwa mahali penye mawe na mteremko. Hivyo ndivyo mmea wa jangwa unavyohamishwa. Vijana, shikeni hilo: usiupande ukiwa na kidonda kibichi, uache ukauke, hata siku kadhaa. Sisi tulikuwa tunabishana miezi kama tuing'oe ile inayooza au tuiache. Salongo ilikuwa imemaliza ubishi kwa asubuhi moja, bila kujua.

"Tukihamisha tena sasa, zitakufa," akasema. "Ziache."

"Na mjumbe je? Papa, atakuta maharagi!"

"Atatembea. Hana miguu yeye?"

Basi tukafanya kazi ambayo sijawahi kuifanya kabla wala baada. Siku zilizobaki tulipita kwa kila mama, Papa Anselme akimweleza mmea wake: unatoka wapi, unapenda nini, Madame aliuitaje. Wakasikiliza vizuri, halafu wakaongeza ya kwao.

Ijumaa mama mjumbe akafika kwa pikipiki, viatu vizuri, koti jembamba. Patron Fidele alikuwa ameshafika, na buti zake za mpira, akipiga picha kuta kwa simu na kupima kwa macho pa kuweka rafu za fromaji. Tulimwonyesha mgeni nyumba. Alipenda chokaa, akapenda madirisha, akamsikiliza Safari akizilaani saruji za dunia nzima. Halafu akasema maneno niliyokuwa nayaogopa.

"Sasa bustani."

Nikafungua mlango. Maharagi yalikuwa yameanza kuinua vichwa, ya kijani, mstari baada ya mstari. Patron Fidele akacheka kicheko kilichofika Lushebere.

"Ndjo jangwa hii? Mi naona chakula ya muchana!"

Papa Chefu alitazama viatu vyake. Papa Anselme alinivuta mkono kuelekea njia ya kijijini.

"Mama, hapa ni mlangoni tu," nikasema. "Bustani iko mbele. Tutembee."

Tukateremka. Mvua nayo ikaanza, kama kawaida yake. Katika kila ua mama alikuwa amesimama na mwavuli au jani la mgomba, pembeni ya mmea wake. Wa kwanza alieleza mshubiri, akakata kipande, akampaka mgeni mkononi. Wa pili alionyesha mikonge inavyoshika ngema, na maji ya mvua yakapita mbele yetu yakiwa safi, bila tope. Tulipewa mahindi ya kuchoma. Mama Faida alimkaribisha mgeni benchini, akamweleza kwa sauti nzito kwamba Madame aliagiza kaktusi ya mviringo maalumu kwa ajili ya mawifi. Mama mjumbe alicheka mpaka mahindi yakamwangukia, na kutoka hapo hakuuliza kama bado ni mbali. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha.

Mmea wa mwisho sikuujua mimi mwenyewe. Watoto walikuwa wametangulia mbele wakituonyesha njia, na tukajikuta kwenye lango la malisho ya Patron Fidele. Pande zote mbili za lango zilisimama kaktusi ndefu za Madame, na katikati mchungaji wake, amenyooka, akisubiri zamu yake.

"Nani alipanda hizi?" Patron akauliza.

"Ni mimi, Patron. Nilikuwa kwa salongo. Ngombe zilikuwa zinaponyoka kila siku hapa. Sasa hakuna hata moja inaponyoka."

Hakuna aliyethubutu kucheka kabla yake. Patron Fidele aliziangalia kaktusi, akaangalia ng'ombe wake waliotulia ndani, akamwangalia mama mjumbe aliyelowa na kutabasamu. Halafu akaachia kicheko kilekile, ila safari hii kilikuwa kizuri.

"Basi nimeshindwa. Nikichukua nyumba, nitachukua na bantu yote? Mama, wageni wakikuya, mi nitabauzia fromaji."

Mama mjumbe akatangaza palepale, chini ya mwavuli wa Mama Faida, kwamba nyumba itafunguliwa kwa wageni na matembezi yatapita kijijini kama alivyopita yeye. Akina mama wakapiga vigelegele. Papa Chefu akatoa hotuba juu ya salongo aliyoipanga kwa hekima, na tulimwachia. Hakuketi.

Kesho yake nilipanda kilima na soda ya kusherehekea. Papa Anselme alikuwa kwenye ngazi za mbele, amevaa koti lake la Noeli, mfuko miguuni.

"Papa, leo si Jumapili. Unakwenda wapi?"

"Kibua, kwa kijana yangu."

Nilidhani anatania. Nikamwambia ameshinda, hakuna atakayemwondoa tena hapa, akae ale matunda ya kazi yake.

"Ndjo sababu naenda, mutoto yangu. Zamani, nani angebaki na hizi vitu? Sasa kila mutu iko na yake." Akapapasa mfuko wake kuhakikisha umefungwa. "Mujukuu yangu mukubwa ameshaoa. Sijasikia hata sauti yake."

Moyo uliniuma jinsi nisivyoweza kuwaeleza. Miaka yote nilimwona mtu aliyependa bustani kiasi cha kusahau watu wake, na mara nyingine nilimhukumu kimoyomoyo. Kumbe alikuwa hana wa kumwachia. Nilimsaidia kupanda pikipiki, nikamfunga mfuko nyuma, na alipoondoka hakugeuza kichwa hata kidogo. Nililia barabarani mbele ya watu.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini nimeomba vijana wengi kwa kazi ambayo mmoja angeiweza, jibu ni hilo. Mtapokezana. Na mmoja wenu akisema anataka kwenda kumwona mama yake, mwacheni aende siku hiyohiyo. Kaktusi haitakufa.